Shabiki Mkuu wa Mlima wa Feri

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeipata kazi niliyoumbiwa. Nina miaka hamsini na mitatu, duka la misumari na rangi Mji wa Kale, na goti moja bovu. Lakini nimeipata!

Mwezi mzima wa Julai nimetazama kwenye simu mbio za baiskeli za milimani huko Ulaya, wateja wakinisubiri. Wao walidhani natazama waendeshaji. Wapi! Nilikuwa natazama watu wa kando ya barabara. Wanapiga mahema huko juu siku tatu kungoja kitu kinachopita kwa dakika moja. Wanakimbia ubavuni mwa mwendeshaji wakimpigia kelele sikioni. Mmoja alivaa kama kuku. Mwendeshaji yu hoi, kinywa wazi, macho hayaoni, na kuku anamwambia twende, twende! Naye anakwenda! Nilitokwa na machozi. Alefiya, mke wangu, akauliza nani amefariki.

Na Jumapili hii Mbio za Pwani zinamalizikia hapa kisiwani! Siku nne milima ya Taita, siku ya tano Mombasa. Mombasa haina mlima, najua. Lakini ina ule mwinuko wa feri, kutoka majini kwenda juu, ambao wasukuma mikokoteni huupanda wakiwataja mama zao. Mizunguko sita, na kila mzunguko unaupanda.

Na tuna mtu wetu. Nyevu! Miaka sita ananiletea mkate kila asubuhi kwa baiskeli, kreti mbili mbele, tatu nyuma, jua, mvua. Masha, kuli wa Kilindini ambaye pia ni kocha, alimwona siku moja akilipita lori Shimanzi na mikate yake yote. Akamfuata mpaka akamkuta. Akamtafutia baiskeli ya mbio. Sasa kuna timu ya kulipwa imetangaza kwamba mwanamke atakayeivaa jezi ya milima, ile ya mwenye alama nyingi za kutangulia vileleni, mwisho wa mashindano atapata nafasi ya mwaka mzima. Nyevu ana miaka ishirini na sita. Masha asema nafasi kama hii haitamjia tena.

Leo ameleta mkate wa mwisho kabla ya kusafiri. Nimemtangazia kwamba mimi ndiye shabiki wake mkuu, nitakuwa mlimani. Ameshukuru. Kisha akasema ana ombi moja tu: nisimame kwenye kona, chini ya mwinuko, nimwambie ni sekunde ngapi kati yake na aliye mbele yake. Akipanda hawezi kuhesabu mwenyewe.

Sekunde! Mtu yeyote aweza kutaja namba. Nimeitikia kwa adabu.

Sattar, mwenye duka la mapazia mkabala nami, alikuwa akisikiliza barazani kwake. Amesema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo kwamba Nyevu anamjua yeye kabla ya kunijua mimi, na kama mtaa huu una shabiki mkuu, basi watu watamwona Jumapili. Nimeingia ndani. Nimeazimia.


Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Kukimbia ubavuni mwa baiskeli si jambo la kukurupukia.

Nimekwenda Mama Ngina, kando ya bahari, saa kumi na moja jioni. Suruali ya kulalia. Raba za mwanangu Aqeel, aliyeko masomoni Dar es Salaam, ambazo ni kubwa kidogo. Nikangoja baiskeli. Ikaja: bwana wa makamo, kikapu cha samaki nyuma, anakwenda zake taratibu. Nikamshukia. Twende! Twende! Usikate tamaa! Akageuka, akaona mtu mwenye ndevu anamjia mikono juu. Akakanyaga. Nikafurahi, dawa inafanya kazi! Nikaongeza mwendo na sauti. Naye akaongeza mwendo, na yeye pia akaongeza sauti, ila neno alilokuwa akilipiga ni "Mwizi!"

Mama Ngina jioni ina watu wengi mno. Nilikamatwa na sita.

Aliyeniokoa ni Bi Mejumaa, muuza mihogo. Amekuja na kisu chake cha mihogo mkononi, watu wakampisha. "Mwacheni huyo, namjua," akawaambia. "Yuwauza misumari. Kupanda ngazi ya duka lake mwenyewe hupumzika mara mbili. Ataiba vipi kitu chenye magurudumu?"

Sikupenda alivyoliweka. Lakini waliniachia.

Yule bwana alirudi kuokota samaki wake. Amekiri kwamba tangu azaliwe hajawahi kwenda kasi vile. Ushahidi! Nimeunukuu.

Goti limevimba. Alefiya amelifunga barafu kwa kitambaa. Ameuliza kwa nini nisisimame tu nikahesabu sekunde kama nilivyoombwa. Nimemfafanulia tofauti iliyopo kati ya shabiki na karani. Amekwenda jikoni akarudi na ile saa yake ndogo ya kupimia keki, akawa anaiwasha na kuizima.


Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kwanza ya mbio. Masha ametuma ujumbe wa sauti kutoka Taita. Tumeusikiliza barazani, mimi, Alefiya, na Sattar ambaye hakualikwa.

Habari mbaya. Nyevu alipata pancha katikati ya mlima, na gari la vipuri lilikuwa nyuma sana. Masha akamfikia kwa pikipiki, akamwambia apande lile basi la kuokota wanaoshindwa, kesho ni siku nyingine. Nyevu alikataa. Akaibeba baiskeli begani, akaanza kupanda kwa miguu. Viatu vyao vina kitu kigumu chini, vinateleza. Akavivua. Akapanda kilomita mbili peku, juu ya lami ya moto. Wa mwisho kufika. Masha amesema alipomuuliza kwa nini, alimjibu, "Kocha, mimi mkate sijawahi kuurudisha."

Sattar alijikohoza. Mimi nilitazama ukuta. Alefiya akataka usikilizwe tena.

Mtu wa namna hii anastahili nini? Anastahili jina lake barabarani! Ulaya wanaandika majina ya waendeshaji kwenye lami kwa rangi, herufi kubwa kama milango. Na nani katika mtaa huu ana rangi? Si muuza mapazia.


Alhamisi, 7 Agosti

Nitaandika ukweli, maana kitabu hiki hakisomwi na mtu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kwenye mwinuko wa feri na ndoo mbili za rangi nyekundu ya mafuta na brashi ya kuta. Hewa safi. Mkono imara. N. Y. E. Nzuri sana! Nilikuwa naingia kwenye V niliposikia honi.

Sikuifikiria feri.

Ikafungua mdomo, na Likoni nzima ikashuka kwenda kazini. Niliinua mikono. Nikawaeleza kwamba rangi ni mbichi. Wa mbele walisikia, wakataka kusimama, wa nyuma wakawasukuma. Kibao cha kuonya nilikuwa nacho, lakini nilikuwa nimekiwekea ndoo juu. Kwa dakika saba jina la Nyevu lilikanyagwa na wafanyakazi wa mji huu wote, kisha wakalichukua kwa nyayo zao wakalipeleka kila mahali. Nimeambiwa limeonekana Mwembe Tayari.

Akaja askari kuuliza nani amefanya haya. Alikuwa na buti nyekundu.

Nimesugua lami kwa ufagio na tapentaini mpaka saa sita, wasukuma mikokoteni wamekaa kivulini wakinipa ushauri. Sattar alipita. Duka lake haliko upande ule, alipita kwa makusudi. Akasimama, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Akasema mbio zinapanda kutoka chini, na mimi nimeandika kwa kuelekea wanaoteremka, kwa hiyo Nyevu angelisoma jina lake kichwa chini. Nimemwambia nilijua.

Sikujua.

Jioni, ujumbe wa Masha. Nyevu ametangulia kwenye kilele cha kwanza, na cha pili, na cha tatu! Asema alifika juu akatapika, akajifuta mdomo kwa glovu, akauliza kesho wanaanza saa ngapi. Kwa jezi ya milima sasa ni wa tatu.

Nami je? Mikono yangu inanuka tapentaini, Alefiya amenitengea sahani mbali. Lakini kama yeye hakupanda basi, mimi nitaanzaje kulipanda?


Ijumaa, 8 Agosti

Nimeitisha mkutano wa kwanza wa Kamati ya Mashabiki wa Nyevu, dukani, baada ya alasiri. Waliohudhuria: mimi. Nimechaguliwa mwenyekiti.

Sattar ameajiri tarumbeta. Watu watatu, na ngoma. Wamefanya mazoezi barazani kwake muda wote wa mkutano wangu.

Nyevu sasa wa pili kwa jezi.


Jumamosi, 9 Agosti

Sare! Nyevu na mpinzani wake, bingwa mmoja kutoka Iten, wana alama sawasawa za milima! Alama zilizobaki ni za kesho, kwenye kupanda mara ya mwisho, mzunguko wa sita. Atakayetangulia kufika juu ya mwinuko wa feri ndiye atakayevaa jezi. Mlima wetu!

Nimemaliza bango. Turubai la mita sita, zito, lile la kufunikia saruji. Maandishi meupe: NYEVU PANDA. Chini yake, kwa unyenyekevu, jina la duka na namba ya simu. Nguzo mbili. Kamba ya nailoni bora kabisa, nimekuwa nikiisifu kwa wateja miaka kumi.

Mchana kulikuwa na kikao cha mashabiki na wasimamizi hapo juu ya mwinuko wa feri. Tumeelezwa sheria na Bi Everlyne, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, aliyewahi kusimamia mbio hizi mara tano. Hakuna kukimbia ubavuni mwa mwendeshaji. Hakuna kumgusa. Hakuna kumsukuma, hata akisimama, maana ataondolewa. Hakuna kumwagia kitu. Hakuna bendera wala bango kuvuka ukingo. Akasema, "Huyu mtu amejitesa siku nne kufika hapa. Usiwe wewe ndiye utakayemwangusha." Alikuwa akinitazama mimi.

Sattar aliandika kila neno. Mimi niliitikia kwa kichwa. Ni sheria nzuri. Watu wengi hawana uzoefu, lazima wazuiwe.


Jumapili, 10 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Saa moja asubuhi nilikuwa mlimani. Sattar alikuwa ameshafika na tarumbeta zake. Nikachukua nafasi mita kumi juu yake. Watu wakajaa pande zote: wasukuma mikokoteni, makuli, akina mama waliovuka kutoka Likoni na viti vyao vya plastiki. Bi Mejumaa alikuwa na karai lake. Alefiya alikwenda chini kabisa, kwenye kona, akakaa kwenye kigoda na mkoba wake mapajani. Nikadhani miguu inamsumbua.

Mzunguko wa kwanza. Kundi zima, kishindo cha magurudumu tu, hakuna anayesema. Nilikimbia! Hatua tisa. Ya kumi niliifanya bila raba. Nyevu alikuwa wa tano, uso mkavu, macho yamekazwa dhiraa moja mbele ya gurudumu. Hakunitazama. Umakini!

Mzunguko wa pili. Jua lilikuwa limeanza kuuma, nikakumbuka kwamba Ulaya huwamwagia maji. Nikanyakua chupa mezani kwa Bi Mejumaa, nikayarusha yaliyomo kwa shabaha. Hayakumpata Nyevu. Yalimpata mpiga tarumbeta wa Sattar, machoni. Na hayakuwa maji. Yalikuwa ndimu na pilipili ya mihogo. Tarumbeta ilitoa mlio ambao sitausahau. Bi Mejumaa akaipokonya chupa yake. Bi Everlyne akanipa onyo la kwanza na akasema hakuna la tatu.

Mzunguko wa tatu nilitulia kwa hiari yangu, Bi Everlyne akiwa amesimama mbele yangu. Na kwa kuwa nilikuwa kimya, nikasikia. Sauti ya mwanamke kutoka chini, kwenye kona: "Kumi na nne, Nyevu! Kumi na nne!" Naijua sauti hiyo. Ndiyo inayoniita mezani miaka ishirini na minane. Alefiya! Kwa saa ya keki! Hakuniambia neno. Nyevu akaitikia kwa kichwa mara moja, akabadilisha gia, akaanza kuwakaribia walio mbele.

Mzunguko wa nne. Wamebaki wawili mbele, yule wa Iten na Nyevu, bega kwa bega. Watu wanapiga mayowe. Bi Everlyne amegeuka kuwarudisha nyuma akina mama. Nikasema sasa! Nikalikunjua bango.

Nguzo ya kulia nilikuwa nimeifunga kwenye mkokoteni. Ya kushoto nilikuwa nayo mimi. Mwezi wa nane upepo wa kusi unaingia pale kwenye mlango wa bahari bila kubisha hodi. Ukaingia ndani ya turubai la mita sita, likavimba, kamba ya nailoni ikakatika, na mimi nikaondoka. Ndivyo ilivyokuwa. Miguu yangu haikuwa chini. Nikavuka ukingo.

Yule wa Iten alipita. Nyevu akaingia ndani ya jina lake mwenyewe.

Nilisikia chuma kikigonga lami, kisha kitu kisichokuwa chuma. Watu wote wakanyamaza. Hata ngoma. Turubai likawa linasogea, na yeye yumo ndani. Nikalivuta. Kiwiko kilikuwa kimefunguka, damu inachuruzika mpaka kwenye vidole. Nikamshika bega nimwinue. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee, toka."

Nikatoka.

Mnyororo ulikuwa umechomoka. Aliurudisha kwa vidole viwili. Usukani ulikuwa umepinda. Akalibana gurudumu kwa magoti, akaunyoosha. Hakulia, hakumlaani mtu, hakutazama damu. Msukuma mkokoteni mmoja akaruka kumsukuma, Bi Everlyne akamzuia kwa mikono yote miwili, Nyevu asije akaondolewa mbioni. Na pale mwinuko ni mkali, baiskeli haianzi. Basi Nyevu akaigeuza kukabili ukingo, akakanyaga, akavuka barabara. Akaigeuza tena, akavuka. Akaukata mlima kwa mshazari, vile vile wanavyofanya wenye mikokoteni mizito. Walipoitambua mbinu yao, watu wale walinguruma! Akatoweka juu.

Mimi nikashikwa mkono na Bi Everlyne, nikapelekwa nyuma ya kizuizi, kwenye hema la huduma ya kwanza. Afadhali angenikaripia. Ndani ya hema nilimkuta Sattar. Yeye alikuwa ameletwa mapema kwa kupuliza tarumbeta, yeye mwenyewe, kwenye sikio la mwendeshaji. Tukakaa benchi moja. Mbele yetu lilisimama lori la waandalizi. Hatukuona barabara hata inchi moja.

Tukawa tunasikia.

Mzunguko wa tano. Muda mrefu, kisha mayowe, kisha Alefiya: "Hamsini na mbili!" Sattar akasema basi, imekwisha. Nikamwambia anyamaze. Nilikuwa natazama mikono yangu. Nilifikiri juu ya mikate ya miaka sita, na kwamba siku moja aliileta akiwa na homa, nami nilimlalamikia kwa kuchelewa.

Mzunguko wa sita. Mayowe yakaanza mbali, upande wa Mama Ngina, yakawa yanakuja. Alipita wa kwanza pale chini, tukamjua kwa filimbi za wasimamizi. Nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu.

"Sita!" Sauti ya Alefiya ilikuwa imepasuka. "Sita tu, mwanangu! Sita!"

Sattar alinishika mkono. Nilimruhusu, alikuwa na hofu. Mwinuko mzima ulikuwa unapiga kelele, kelele zikapanda kutoka chini, zikatupita, zikafika juu, halafu zikakatika. Pumzi moja. Halafu mlipuko! Lakini nani? Nani? Tukamuuliza muuguzi, hakujua. Tukaliuliza lori.

Aliyekuja ni Bi Mejumaa, mtandio umemtoka, mikono imejaa unga. "Kwa gurudumu moja!" akasema. "Kampita kwa gurudumu moja!"

Nikauliza nani kampita nani.

"Wenu kampita mwenziwe! Nanyi mwakaa hapa mwangoja nini?"

Sikumbuki kusimama. Tulipofika juu, Nyevu alikuwa amelala chali kwenye lami, kifua kinapanda na kushuka, na yule wa Iten amekaa kando yake, anampa maji kidogo kidogo kutoka kwenye chupa yake. Masha alikuwa amechutama pembeni na jezi ya milima mikononi, anaogopa kumvisha kwa sababu ya damu. Sikusogea karibu. Ni mara ya kwanza wiki hii kwamba sikutaka kuonekana.

Hali hiyo ilidumu kama dakika nne.


Jumatatu, 11 Agosti

Barua kutoka kwa waandalizi. Nisionekane ndani ya mita mia moja ya mbio zao zozote, maisha yangu yote. Sattar amepewa mita hamsini. Amekuja kunionyesha.

Video imeenea. Turubai, mimi hewani, Nyevu ndani ya turubai. Namba ya simu ya duka inasomeka vizuri sana. Wamepiga watu arobaini na mmoja. Wengine walinitukana, mmoja aliuliza kama bado nauza ile kamba.

Saa moja asubuhi Nyevu amekuja. Na mkate! Nyuzi saba kwenye kiwiko, usoni mchubuko. Wiki hii ataendelea kupeleka mikate mpaka wapate mtu mwingine, asema hawezi kuwaacha watu bila kifungua kinywa. Jumatatu ijayo anaripoti kwenye timu.

Hakuja kwangu kwanza. Alimpita Alefiya mlangoni, akarudi, akamkumbatia kwa mkono mmoja mzima. Akamwambia, "Mama, mle kwenye kona ya mwisho sikuwa naona kitu. Sauti yako tu. Nikajua sita naziweza." Alefiya akamwambia kwamba mzunguko wa tano alimdanganya. Zilikuwa sitini na nne. Wakacheka wote wawili mpaka Nyevu akajishika mbavu kwa maumivu.

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya radhi, nimeyaandika kwenye karatasi, nikashindwa kuipata karatasi. Nikamwambia tu, nisamehe, mwanangu. "Mzee Taizoon, nilikukasirikia mzunguko wa tano wote," akasema. "Wa sita sikuwa na nafasi ya kukukumbuka." Akaniwekea mikate yangu mezani, akaenda zake.

Nimeyatafakari maneno hayo mchana kutwa. Nilikukasirikia mzunguko wote. Mzunguko mzima, akili yake ilikuwa kwangu! Na hasira ni nguvu, kila mtu anajua. Kutoka sitini na nne mpaka sita! Nani aliyemtia hasira hiyo? Si Alefiya. Si tarumbeta.

Nimemweleza Alefiya hesabu yangu. Ameondoka mezani na sahani yake.


Jumatano, 13 Agosti

Mambo makubwa! Timu mpya ya Nyevu itashindana Rwanda mwezi ujao. Rwanda! Nchi nzima ni kupanda. Milima huko, nasikia, si ya dakika mbili kama wetu. Ni ya saa nzima! Saa nzima shabiki yuko kazini!

Nimemwambia Alefiya kwamba ninafanya mpango wa safari. Ameuliza juu ya mita mia moja. Nimemkumbusha kwamba barua ile ni ya waandalizi wa hapa, na hata hivyo mimi ni mtu wa kufuata sheria. Sitasogea karibu. Nitasaidia kwa mbali. Nimejifunza.

Ndiyo sababu leo nimepata kipaza sauti. Kinafungwa begani, kina betri na king'ora ndani. Boksi linasema kinasikika umbali wa mita mia nane. Sattar amesema boksi linaongopa, basi nimekijaribu barazani saa kumi alasiri, niumalize ubishi. Nimepumua. Nimesema: TWENDE!

Sattar amemwaga chai yake yote. Paka wa mtaa wamehama. Na bwana mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli yake, mtu mzima, anatoka kazini, ameacha barabara, amepanda ngazi yangu na ameingia dukani bila kushuka. Amesimama kwenye rafu ya misumari ya inchi tatu.

Yu mzima. Nimemwinua, nimempangusa, nimemnyooshea usukani. Kisha nimemwambia hajachelewa, aliye mbele yake si mbali, na nimemsukuma. Ameondoka kwa kasi ambayo hakuja nayo.